Namba ya Baba na Mnyama wa Ufunuo

Baba yangu alikuwa na jina, lakini mjini Likasi jina lilikuwa la Jumapili. Siku nyingine zote alikuwa 105228. Ndiyo matrikule, namba ya mfanyakazi, aliyopewa na Kampuni siku alipoingia kiwandani Shituru, kijana mwenye viatu vya kuazima, na tangu siku hiyo hakuna kitu kilichoingia nyumbani kwetu kisichoandikwa namba hiyo. Aliichora mwenyewe kwa rangi ya kijivu ya Kampuni: kwenye ndoo, kwenye jembe, kwenye baiskeli, chini ya viti, juu ya mlango. Kuku walinusurika kwa sababu walijua kukimbia.

Sisi wengine tulikuwa mikia ya namba hiyo. Hospitalini muuguzi hakuita mtu kwa jina. Baba alikuwa 105228 na sifuri mbili nyuma yake, Mama alikuwa na 01, kaka yetu mkubwa 02, na kuendelea hivyo hadi kitinda mimba, 08. Mimi nilikuwa 07. Mtu akiandika yote kwa pamoja nilikuwa 10522807, yaani zaidi ya milioni kumi, kwa ajili ya msichana mmoja mwenye surua. Baba alichora namba kamili kwenye kikombe cha bati cha kila mtoto ili tusigombane. Tuligombana vilevile, ila sasa kwa ushahidi.

Niliipenda namba ile kabla sijajua kusoma vizuri. Tulikuwa watu tisa, na kwa kuwa kila kitu kilipaswa kugawanywa kwa tisa, kuanzia samaki mpaka blanketi, nikajaribu kuigawanya kwa tisa hata namba yenyewe. Ikakubali. Ukijumlisha tarakimu zake unapata kumi na nane, na namba ambayo jumla yake inakubali tisa, yenyewe pia inakubali tisa. Mwalimu alipotufundisha hilo, niliona wazi kwamba Mungu alimpangia Baba watoto kwa hesabu. Nikaendelea kuichokonoa. Inakubali mbili, tatu, nne, sita, kumi na mbili. Haitaki tano. Saba haiitaki kabisa. Nilipofika sekondari niliivunja mpaka nikaona mifupa: mbili mara mbili, mara tatu mara tatu, mara thelathini na saba, mara sabini na tisa, na hapo huwezi kuivunja tena. Vigawo vyake vyote ni thelathini na sita, na thelathini na sita yenyewe ni mojawapo. Namba ya jirani yetu haikukubali kitu zaidi ya moja na yenyewe, nami nilimhurumia sana. Nilidhani nyumbani kwake hawagawani chakula.

Baba hakukaa shuleni muda mrefu, lakini wageni wakija aliniita kutoka jikoni, kwa jina la mama, kama wazazi kwetu wanavyowaita mabinti.

"Eh mama, kuya uambie bageni namba."

Nami nilisimama mbele ya wageni na kuimba vigawo vyote thelathini na sita, kutoka moja hadi 105228, huku wao wakitazama chakula kinapoa. Baba mwenyewe aliitamka namba kwa Kifaransa, kwa vipande viwili: "Cent cinq," halafu anapumzika kama mtu anayetua ndoo moja ili ashike nyingine, "deux cent vingt-huit." Mia moja na tano. Mia mbili ishirini na nane. Naomba msomaji akumbuke pumziko lile la katikati, maana siku moja lilitaka kunikosesha mume.

Halafu ikaja miaka ambayo Kampuni ilianza kufa huku imesimama. Unga wa mwezi ukakoma, hospitali ikabaki na vitanda bila magodoro, na king'ora kilichokuwa kikiamsha mji mzima kikanyamaza. Umeme wa bwawa la Koni ulipita kwenye nyaya juu ya paa letu kama mgeni mwenye haraka, hatukuuona ukishuka. Baba aliendelea kwenda Shituru kila asubuhi. Alifunga kamba za viatu, akaweka kofia ya kazi, akaenda kukaa karibu na mitambo iliyozimwa pamoja na wazee wenzake, na saa ya kutoka ilipofika wakatoka. Mama alimwambia mara moja tu kwamba hakuna kazi. Akajibu, "Kazi haiko, lakini matrikule iko."

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa hesabu, na wazazi wa wanafunzi waliniletea unga kwa kopo badala ya mshahara. Darasani nilikuwa mkali. Bado ni mkali. Mtu akiniambia kitu kinagawanyika wakati hakigawanyiki, damu inanipanda mpaka masikioni.

Na mji ulikuwa umejaa hesabu mbaya. Kitu kikubwa kikianguka, watu hutafuta aliyekisukuma. Wakatoliki tulimlaumu Rais, kwa sauti ya chini. Walokole walimlaumu Shetani, kwa vipaza sauti, siku ambazo umeme ulishuka. Kila mtaa ulikuwa na chumba cha maombi na mtu mmoja aliyejua ni kwa njia gani hasa Shetani aliingia Likasi.

Mwanamume niliyempenda alikuwa mtoto wa mtu kama huyo. Yeye mwenyewe aliuza mabeseni na vitenge kutoka mpakani, Kasumbalesa, na nilimjua kwenye foleni ya bomba la maji, ambako alikuja kila siku na ndoo yake ingawa baadaye niligundua kwao kuna kisima. Alikuwa na sauti ya polepole na alinisikiliza nikieleza mambo ya vigawo bila kutazama pembeni. Wanaume waliowahi kunisikiliza hivyo walikuwa wawili, na wa kwanza alikuwa baba yangu. Nilimpenda, nasema wazi. Nilikuwa nimeshafika umri ambao shangazi zangu walikuwa wameacha kuuliza na kuanza kuniombea, na sikujali, mpaka alipotokea yeye. Hapo nikajali sana.

Tukapatana kwamba wazee wake watakuja kuleta mali ya mahari. Juma moja kabla, pale pale bombani, akaniambia jambo kana kwamba ni dogo.

"Papa yangu anapimaka kila kintu. Anakamata namba, anagawanya na six cent soixante-six. Kama inaisha yote, haibakie kintu, anasema njo ya ule Munyama."

"Kila kintu?"

"Motoka, nyumba, mifuko ya chaux, ile chokaa. Kiatu yangu alipima. Usiogope. Inaanguka kimoja tu ndani ya six cent soixante-six."

Hapo alikuwa sahihi, na nilimpenda zaidi. Namba ya Mnyama wa Ufunuo ni mia sita sitini na sita, na katika kila matrikule 666 zinazofuatana, moja lazima igawanyike hivyo, na Kampuni iliajiri watu wengi mno. Kwa hesabu hiyo Mnyama alikuwa na wasimamizi, wapishi na angalau mchezaji mmoja wa timu ya mpira. Nilicheka mpaka nikamwaga maji. Halafu nikaona ndoo yangu, na namba juu yake, na nikaisikia sauti ya Baba ikiisoma. Cent cinq. Deux cent vingt-huit.

Mia moja na tano, ongeza mia mbili ishirini na nane: mia tatu thelathini na tatu.

Kicheko kikanikauka. Nieleze kwa ufupi, wanafunzi wangu waliwahi kuelewa. Elfu moja ukiitoa moja ni mia tisa tisini na tisa, ambayo ni mia tatu thelathini na tatu mara tatu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama namba inakubali mia tatu thelathini na tatu, ikate vipande vya tarakimu tatu tatu, uvijumlishe, utazame kinachopatikana. Baba alikuwa akiikata namba yake vizuri kabisa kwa miaka yote hiyo. Jumla ilikuwa mia tatu thelathini na tatu yenyewe, nusu ya Mnyama. Na kwa kuwa namba inaishia na nane, yaani inakubali mbili, nusu ya pili ilikuwamo pia. Nilijua mifupa yake yote lakini sikuwahi kuifunga pamoja kwa namna ile: mbili, tatu mara tatu, thelathini na saba. Mia sita sitini na sita. Mnyama alikuwa amekaa ndani ya namba ya Baba tangu siku ya viatu vya kuazima, na ameingia mara mia moja hamsini na nane, bila baki.

Nilimweleza Mama peke yake. Mama hakuelewa hesabu lakini alielewa hatari. Kumwambia Baba hatukuthubutu. Mtu aliyebakiwa na kofia na namba, utamwambiaje kwamba namba nayo ina kasoro? Tukapanga kuifunika.

Viti vilivalishwa vitambaa. Baiskeli ilipelekwa kwa jirani yule asiyegawanyika. Shida ilikuwa mlango. Mama alipendekeza tutundike juu yake picha kubwa ya Bikira Maria, nami nikamkumbusha kwamba wanaokuja ni walokole. Kati ya Bikira Maria na 666, hatukuwa na hakika wangekasirikia lipi zaidi. Mwishowe tukatundika kitenge kipya kuanzia juu kabisa hadi chini, kama pazia.

Baba akakitazama.

"Sababu ya nini munafunika namba yangu?"

"Ni sababu ya mavumbi, papa," Mama akasema.

Nje mvua ilikuwa inanyesha siku ya tatu.

Walifika Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wakati mvua ilipopumzika, wakiwa na chumvi, vitenge, blanketi, suti ya kumpa Baba ndani ya mfuko wa nailoni, na mbuzi. Mimi kwa desturi sikutakiwa kuonekana. Nilifungiwa jikoni pamoja na shangazi zangu, nikichungulia kwenye ufa wa mlango, na shangazi mkubwa akichungulia juu ya kichwa changu.

Mzee wao alikuwa mtu mrefu aliyefanya kazi machimbo ya chokaa ya Kakontwe mpaka nayo yakalala, na sasa alikuwa mzee wa kanisa. Mfuko wa shati lake ulibeba kalkulatrisi ndogo, ile mashine ya hesabu inayokula mwanga wa jua, na aliigusa kila mara kama mtu anayehakikisha moyo bado upo. Upande wetu msemaji alikuwa mjomba wangu, ndugu yake Mama, mtu wa maneno mengi ambaye tulimchagua kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia.

Mzee akaanza.

"Bandugu, mbele ya kusema ya mbuzi, tunapashwa kujua kama ii nyumba iko safi."

"Iko safi," akajibu mjomba. "Tulipakala chaux jana. Ni ya kwenu ya Kakontwe, kama iko buchafu ni mambo yenu."

Mzee akaeleza kipimo chake: baada ya kugawanya, kioo kikionyesha point, yaani nukta ya desimali, namba ni safi. Alieleza vizuri, bila kelele, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona mji wake ukianguka na alitaka kulinda mtoto wake kwa chombo alichokuwa nacho. Alisema matrikule yake mwenyewe aliipima, haikuisha. Za watoto wake wote, hazikuisha. Sasa aliomba ya bwana mwenye nyumba.

Nikaona Baba ananyooka kwenye kiti. Hakuna mtu aliyemwomba namba yake kwa heshima tangu Kampuni ilipoanza kufa. Akafungua kinywa, na Mama, aliyekuwa anapita na sinia, akamwaga juisi kwenye magoti yake kwa ustadi mkubwa. Yakafuata pole na vitambaa, na nilidhani tumepona.

Hapo mbuzi akala pazia. Alikuwa amefungwa nje karibu na mlango, na kitenge kipya kilimpendeza. Alikivuta mara moja tu, misumari ikatoka, na namba ikajitokeza juu ya mlango kwa rangi ya kijivu, kila tarakimu ukubwa wa mkono. Mali ya bukwe, mahari yangu mwenyewe, ndiyo iliyotufichua.

"Cent cinq," akasema Baba kwa furaha, akipangusa magoti, "deux cent vingt-huit. Njo ile."

Mzee akatoa kalkulatrisi. Chumba kilikuwa na giza la mvua, na kioo chake hakikuonyesha kitu. Akaielekeza dirishani, ikaonyesha nusu ya tarakimu, ikafa. Umeme haukuwapo. Mjomba akapendekeza hesabu ifanywe kwa mkono. Mzee akakataa, kwa kuwa mkono wa mtu unaweza kusukumwa na Shetani lakini kalkulatrisi haina moyo. Basi wote wakatoka uani na viti vyao, wakasimama kwenye tope, wakaangalia juu. Wingu lilikuwa zito kama blanketi la askari. Walokole wakaanza kuomba jua. Baba, ambaye katika maelezo yote alisikia tu kwamba namba yake inaombwa na bado hakuelewa kinachopimwa ila alijua ni mtihani na namba yake haijawahi kushindwa mtihani, akatoa rozari yake na kuomba jua pia. Mle jikoni, tukiwa tumehamia ufa wa mlango wa uani, nilikuwa mtu pekee niliyeomba mvua.

Wao walikuwa wengi. Wingu likapasuka, mwanga ukaanguka uani, mzee akabonyeza tarakimu moja moja huku akizisema. Akampa mjomba aone.

"158," mjomba akasoma. Akaisogeza karibu na pua. "Kuko point! Mulisema kama kuko point, iko muzuri. Ii point ni ya nini?"

"Ile point iko kila siku, ndugu. Nyuma yake hakuna kintu."

"Sasa pima na machine yenyewe. Kuko namba mu mugongo."

Mzee aliigeuza. Nadhani alikuwa mtu mwaminifu, kwa sababu kweli alianza kuibonyeza namba ya mgongoni, lakini ilikuwa ndefu kuliko kioo. Mashine haikuweza kujipima yenyewe. Mjomba aliona huo ni ushindi mkubwa. Hakuna mwingine aliyeuona hivyo.

Ndipo Baba akauliza walichokuwa wanapima, na mchumba wangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya wazee wake akiwa amepauka, akamweleza kwa sauti ya chini. Niliutazama uso wa Baba kwenye ufa ule. Sijawahi kusahau. Aliangalia juu ya mlango, akaangalia mikono yake.

"Ii namba," akasema polepole, "iliingia mu moto na miye kila siku. Ilileta bunga. Ilizalisha batoto saba ku hospitali. Sasa munasema ilikuwa ya nani?"

Mzee wao aliinamisha kichwa, na niliona kwamba alikuwa anaumia. Lakini aliinua mkono, na kijana wao mmoja akaanza kumfungua mbuzi.

Shangazi mkubwa aliyekuwa juu ya kichwa changu akasukuma mlango. Alikuwa mnene na mwenye sauti, na tangu mwanzo alichukia kukaa jikoni.

"Nani aliuliza mutoto? Mali haiingie na haitoke bila kuuliza mutoto! Hapa kwetu njo vile, na kwenu pia njo vile, musinidanganye!"

Hilo lilikuwa kweli. Kwa desturi, msichana huitwa mbele ya wazee na kuulizwa kama mahari ipokewe: tukule ii mali? Akisema ndiyo wanaila, akisema hapana inarudi. Neno moja tu. Mzee akakubali, maana hata Mnyama hawezi kuruka desturi. Nikaitwa.

Nilikuwa na dakika moja, na dakika hiyo niliitumia kusawazisha unga uliokuwa kwenye ungo na kuandika ndani yake kwa kidole. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikuona haya. Nilikuwa tayari kumpoteza mwanamume kwa sababu ya mwanamke mzuri kuliko mimi, au kwa sababu ya ndoto mbaya. Kwa sababu ya hesabu, hapana. Hesabu ilikuwa kazi yangu. Niliandika namba yangu, yote, na mkia wake. Nikaangalia. Kisha nikaanza kucheka peke yangu, shangazi wakadhani akili imeruka.

Nikachukua kikombe changu kwenye rafu, nikatoka, nikapiga magoti kwenye tope kama inavyotakiwa.

"Mutoto," akauliza mjomba kwa unyonge, "tukule ii mali?"

"Mbele ya kujibu, mupime miye."

Shangazi akanifinya. Nikaendelea.

"Munapima papa. Hapana yee njo anaolewa. Anaolewa ni miye, na miye niko na namba yangu." Nikamkabidhi mzee kikombe kwa mikono miwili. "Papa aliiandika wakati ningali mutoto, mbele ya kuwajua."

Mzee akasoma kikombe. Tarakimu nane, zilienea kioo cha kalkulatrisi barabara, hakuna hata moja iliyobaki nje. Akageukia jua. Akabonyeza. Sote tukasikia mbuzi akitafuna kitenge.

"Kuko point," akasema mzee. Alikisogeza kioo karibu na macho, na nikajua alitamani isiishe kuliko mtu yeyote. "Point, na nyuma kuko kintu. Haiishe."

"Inabakia saba," nikasema.

"Saba?"

"Zidisha quinze mille huit cents mara ule Munyama wenu. Halafu toa."

Akazidisha 15800 kwa 666, akapata 10522800. Akatoa. Kioo kikaonyesha saba, peke yake, na nukta yake isiyo na maana.

Sasa, mimi najua kwamba hakukuwa na muujiza. Namba ya Baba inaisha yote kwa mia sita sitini na sita, kwa hiyo hata ukiiongezea sifuri mbili inaisha yote. Ukiweka mkia nyuma yake, kinachobaki ni mkia. Mama anabakia moja. Kitinda mimba anabakia nane. Lakini kwa walokole wa Likasi saba ilikuwa makanisa saba, mihuri saba, taa saba, na mzee alipiga kelele ya shukrani iliyowafanya majirani watoke nje. Nikatupa jicho mlangoni na kumwona kaka yangu anayenifuata juu, 06, akirudi nyuma taratibu huku ameficha kikombe chake ndani ya shati.

"Tukule ii mali?" mjomba akauliza tena, sasa kwa kifua.

"Mukule," nikasema. Mchumba wangu akakaa chini kwenye tope, na suti yake yote.

Wakala, wakanywa, na mzee wao hakutaka kunywea kitu kingine ila kikombe changu. Baba alikaa nao akitabasamu pale ilipotakiwa. Aliifurahia saba yangu. Lakini hakuniita niimbe vigawo.

Siku niliyotoka nyumbani kwenda kwa mume wangu, nilimkuta Baba uani na kopo la rangi ya kijivu, mabaki ya mwisho, akiikoroga kwa kijiti. Mbele yake kulikuwa na beseni jipya, zawadi ya mume wangu kwa Mama, ambalo Mama alikuwa amenipa niende nalo. Alikuwa ameshaandika 105228. Rangi ilikuwa haijakauka.

"Mama," akaniita, bila kuinua macho, "miye ninabakiaka ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini alikuwa amenisikiliza miaka yote hiyo bila kutazama pembeni.

"Zéro, papa. Yako inaisha yote."

Akachovya brashi. Akaifuta ukingoni mwa kopo ili isidondoke, kwa uangalifu uleule wa siku zote.

"Ni normal," akasema. "Ile kazi ilinigawanya yote. Ninyi njo mulibakia."

Kisha akainama, akaandika sifuri, akaandika saba, akalipuliza beseni mpaka rangi ikashika.